Muda wa Natacha Kupanda Gahanga

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Eustache, mkuu wa klabu yetu ya baiskeli, ametangaza leo, sote tukiwa juu ya mlima wa Gahanga tunahema na jasho linatutoka hadi masikioni. Klabu itatuma watu wawili kwenye ziara ya Juni, siku nne za baiskeli kando ya ziwa Kivu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa wanaume hakuna ubishi, ni Ntare. Kwa wanawake atakwenda atakayepanda kwa muda mfupi kuliko wote kutoka daraja la Nyabarongo hadi hapo juu Gahanga, kabla Mei haijaisha. Na muda unaohesabika ni ule uliorekodiwa na simu. Mtu akisema tu kwamba alipanda haraka, hiyo ni hadithi ya kuwasimulia wajukuu, alisema mzee.

Tuko wanawake wanne. Wawili wanakuja kwa ajili ya picha. Tunabaki mimi na Natacha.

Naitaka hii safari. Naiandika hapa wazi kwa sababu nyumbani nimejifanya sina haja nayo. Miaka yote nimekaa nyuma ya kaunta pale uwanja wa ndege Kanombe nikipima mizigo ya watu na kuwatakia safari njema. Kuna siku huwa nawachukia abiria wote, hata watoto wao. Safari hii ni yangu.

Natacha yuko na miaka ishirini na minane, ni muuguzi, alikulia Bujumbura kama mume wangu Gatera. Baiskeli yake ni nzuri kuliko yangu lakini simu yake imepasuka kioo, ameifunga kwenye usukani ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate. Yangu inakaa kwenye kishikio alichonitengenezea Gatera enzi za uchumba wetu, bati lililokunjwa vizuri na ndani kabandika mpira wa tairi ili simu isitetemeke. Wengine walipewa maua. Mimi nilipewa kishikio, na sijawahi kujuta.

Jumapili, 9 Machi

Miguu inauma. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipanda vizuri leo mpaka bosi akapiga simu katikati ya mlima. Jina lake likafunika kioo chote, mwendo siuoni, muda siuoni, naona "Bosi Kaunta" tu anatetemeka mbele ya pua yangu. Hata hivyo nilifika kwa muda mzuri na jioni programu ya baiskeli kwenye simu iliniweka wa kwanza. Natacha wa pili. Nilimtumia ujumbe wa pole na kuweka kicheko mwishoni, naye akajibu "Hongera dada" bila kicheko. Nimeusoma huo ujumbe mara kadhaa na kila mara umenifurahisha.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mvua. Mvua. Gatera amechelewa karakana, mbao zimelowa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimelia barabarani, mtu mzima mimi.

Tulitoka Gahanga kukiwa na mawingu tu, tukateremka hadi darajani, tukaenda mpaka karibu na Nyamata na kurudi. Tuliporudi darajani mvua ilianza, ile ya itumba, masika yetu, isiyobisha hodi. Wenzetu walianza kupanda mmoja mmoja. Natacha alisimama kidogo kwenye dirisha la pikapu, akasema kitu na Gatera, kisha akaondoka. Mimi nilibaki kwa sababu mnyororo ulikuwa umetoka, na vidole vimeganda, na hakuna aliyenisubiri isipokuwa Gatera. Yeye ndiye mwenye gari la nyuma. Desturi yetu ni kwamba pikapu haimpiti mtu wa mwisho, hata akitembea kwa miguu.

Basi mwisho wa msafara nikawa mimi. Niliondoka pale na hasira za mambo yote: mnyororo, mvua, mgongo wa Natacha unaopotea kwenye kona huku kiuno chake kimenyooka kama cha mtu anayekwenda kanisani. Sijawahi kupanda hivyo. Taa za pikapu zilikuwa nyuma yangu njia nzima zikiangaza lami iliyolowa, na mimi nakanyaga tu, sikuangalia simu hata mara moja. Nilihisi mwilini kwamba leo, leo ndiyo siku. Yule Natacha karibu nimfikie pale mwisho, naye alitangulia dakika nyingi.

Nafika juu, naangalia kioo. Simu ilisimama kurekodi palepale darajani. Matone ya mvua yalikuwa yanabonyeza kioo kama vidole vya mtoto, yakabonyeza pa kusimamisha. Kupanda kwangu kote hakupo.

Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikalia. Eustache akanipa pole lakini kanuni ni kanuni. Natacha alikuwa chini ya paa anakunywa chai na mandazi. Gatera akateremsha kioo cha gari, akaingiza mkono mfukoni na kumpa kitu, wakacheka. Mimi nalia, wao wanacheka.

Jumapili, 23 Machi

Nimefungua simu asubuhi. Natacha ni wa kwanza. Dakika kumi na sita na nusu, jana, kwenye ile mvua. Ameniacha mbali kabisa, muda ambao hata Ntare aliusifu. Watu wamempongeza mpaka kioo kimejaa vidole gumba. Gatera naye kampongeza, yeye ambaye hiyo programu anaifungua mara moja kwa mwezi.

Mvua ileile, mlima uleule. Kwake simu imerekodi, kwangu imekataa. Nimemuuliza Mungu swali nikiwa kanisani na sikungoja jibu.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda. Kama kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima tumetoka kuzibua mifereji. Nilichimba kwa nguvu mpaka jirani akaniuliza kama kuna mtu nimemzika.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejaribu tena. Sikukaribia hata kidogo. Sasa simu naifunika na mfuko mwembamba, mwanga nimeupunguza ili betri isife, bosi nimemzuia asiweze kupiga Jumamosi. Kila kitu kiko sawa isipokuwa miguu. Njia nzima nilikuwa naangalia kile kioo, dakika ya tano niko wapi, dakika ya kumi niko wapi, na kila nilipoangalia Natacha alikuwa ameshapita hapo, Natacha wa tarehe ishirini na mbili, mkavu ndani ya mvua.

Yule wa kweli alifika baada yangu leo. Hakuonekana kujali. Mtu mwenye akiba ya muda anaweza kupanda anavyotaka.

Juu, Gatera alikuwa amekaa naye kwenye mlango wa nyuma wa pikapu wakiongea Kirundi. Mimi nimelelewa Karagwe, Kirundi nakisikia kidogo, lakini vichekesho vyake vinanipita. Walikuwa wanataja mitaa ya Bujumbura, samaki wa mahali fulani, padri fulani. Mimi na Gatera tulikutana kwa Kiswahili. Tulitongozana kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili. Nilikuwa nadhani hicho ndicho alichokuwa nacho. Kumbe kuna chumba kingine kwenye nyumba yake na Natacha ana ufunguo.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Hatuendeshi. Nyumba imetulia, kila mtu na watu wake.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua kubwa, Eustache ameahirisha. Nilimpelekea Gatera chakula karakana, hapa hapa Gisozi. Alikuwa anachomelea kitanda cha mtu. Juu ya meza yake ya kazi niliona kishikio cha simu. Bati lililokunjwa, mpira wa tairi ndani, na pembe zimesuguliwa vizuri kuliko za kwangu. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema cha mteja.

Nilimwekea chakula nikaondoka kabla hajanawa mikono.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mwanetu Shami amekula nyama mpaka akalala mezani. Gatera alikuwa mchangamfu. Mimi nilikuwa nahesabu wateja wote ninaowajua wenye baiskeli.

Jumamosi, 26 Aprili

Umuganda tena.

Jumamosi, 3 Mei

Mteja ni Natacha.

Alikuja nacho kwenye usukani, simu imekaa humo imetulia. Akanionyesha yeye mwenyewe, kwa furaha: "Mama Shami, tazama, tumekuwa mapacha." Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Sikupanda mlima leo. Nilisema tumbo linanisumbua, nikapanda nyuma ya pikapu na baiskeli yangu, sikukaa mbele na Gatera. Nilikaa na mvua.

Jumapili, 4 Mei

Leo tumeongea kuhusu chumvi na ada ya Shami tu.

Alhamisi, 8 Mei

Nikiwa kazini nimemwandikia tiketi ya mzigo bwana mmoja anayekwenda Bujumbura. Mzigo ulizidi kidogo tu. Siku nyingine ningeupitisha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepanda na nimeshindwa, nyuma ya ule muda kwa dakika nzima na zaidi. Imebaki Jumamosi moja, kwa sababu ile ya mwisho ni umuganda na ile ya kabla yake Eustache ana harusi. Sasa naandika yaliyotokea njiani kurudi, kwa sababu nataka nikumbuke vizuri.

Tulikuwa wawili ndani ya pikapu, tumepita Kicukiro, wipa zinalia. Nikamwambia Gatera kwamba naona wivu. Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nilimwambia ninaona wivu kwa ajili ya muda wa Natacha, na mgongo wake, na Kirundi chake, lakini kile kishikio kimenimaliza, kwa sababu kile kilikuwa changu peke yangu. Nikamwambia kama anamtaka aseme, nijue ninakimbizana na nini.

Alisimamisha gari pembeni. Gatera si mtu wa maneno. Akiwa bado ameshika usukani, akasema aliniambia ni mteja kwa sababu ni mteja kweli, alilipa kama watu wengine. Kisha akanieleza. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Ile siku ya mvua, pale kwenye daraja, alinipatia simu yake. Ilikuwa ndani ya plastiki ya mkate, maji iko inaingia. Nikaiweka hapa kwenye mfuko ya shati, nikapanda nayo nyuma yako mpaka juu, nikamrudishia. Ndiyo akasema nimtengenezee kitu kama yako. Ni hayo tu, Mama Shami. Nilikuwa naangalia wewe tu siku ile. Nikasema, huyu mwanamke wangu leo anaruka."

Nikamwambia arudie. Akarudia mwisho, kwamba nilikuwa naruka. Nikamwambia hapana, arudie pa simu.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Nimekaa na simu.

Nimefungua ile safari yangu iliyovunjika ya tarehe ishirini na mbili. Ilisimama darajani saa mbili na dakika arobaini na moja. Nikafungua ya Natacha, maana kila mtu anaweza kuiona. Sijawahi kuangalia humo chochote zaidi ya ile namba. Simu yake imesimama kidogo darajani, halafu imeanza kupanda. Saa mbili na dakika arobaini na moja.

Wakati huo Natacha mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani. Simu ilikuwa kwenye shati la mume wangu, na mume wangu alikuwa nyuma ya gurudumu langu, na gari lake halikunipita kwa sababu halimpiti mtu wa mwisho. Simu ya Natacha ilipanda Gahanga kwa mwendo wangu.

Ule muda ni wangu. Miezi miwili nimemchukia mtu kwa ajili ya miguu yangu mwenyewe.

Kwanza nilicheka mpaka Shami akaja kuchungulia. Halafu nikaona jambo la pili na kicheko kikaisha. Nikisema, ile safari itafutwa, kwa sababu simu iliyokuwa ndani ya gari haihesabiki, Eustache hata hatanikunjia uso, atafuta tu. Na kupanda kwangu kutakuwa kumepotea mara ya pili. Nisiposema, muda wangu utakwenda Kivu umevaa jina la Natacha.

Jumatatu, 12 Mei

Leo pia sijamwambia mtu. Gatera ananiangalia.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwa Natacha, Kanombe, baada ya kazi. Anakaa chumba kimoja nyuma ya nyumba za familia za wanajeshi, viatu vyake vya kazini vimepangwa mlangoni. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. Nilidhani nitamkuta mrembo. Sijui kwa nini nilidhani hivyo, mtu ametoka zamu.

Nilimweleza yote na kumwonyesha saa kwenye simu zote mbili. Hakubisha. Alikaa kitandani akaziba uso.

"Mama Shami, mimi nilijua ile si yangu. Nilifikiri ni ya gari. Nilitaka kusema siku ileile, halafu watu wakaanza kunipongeza, nikanyamaza."

Akaniambia tangu siku ile anatoka alfajiri kabla ya zamu, anashuka darajani peke yake, anapanda, ili aufikie ule muda kweli na uongo uishe. Hajaufikia. Alijiuliza gari lenyewe lilikuwa linakwenda polepole kiasi gani, na bado yeye hawezi kulifikia. Amekonda kwa ajili hiyo. Nilimwambia si gari, ni mimi. Akaondoa mikono usoni akaniangalia kwa muda, na niliona kwenye macho yake kitu ninachokijua vizuri, kwa sababu nimekibeba tangu Machi. Alikuwa ananionea wivu. Naandika ukweli: nilisikia raha mpaka kwenye nyayo.

Nilitaka kumwambia asubiri kwanza, tufikirie. Nilitaka kuipiga picha ile safari. Lakini alikuwa ameshaishika simu, akabonyeza, akafuta. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nimekunywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Alikuwa mwepesi, anaongea, anacheka, na mimi nimekaa pale nikimwonea wivu upya kwa sababu yeye angalau alikuwa na kitu cha kufuta.

Jumatano, 14 Mei

Natacha amempigia Eustache mwenyewe na kusema yote. Mzee ameandika kwenye kundi kwamba safari ya tarehe ishirini na mbili haihesabiki kwa yeyote. Muda unaobaki, wa kwangu na wa kwake, umepishana kwa sekunde chache sana, na hapendi kumchagua mtu kwa sekunde. Jumamosi tutaanza pamoja darajani, gurudumu kwa gurudumu, atakayetangulia ndiye.

Gatera ameuliza apande nyuma ya nani. Nimemwambia nyuma ya mtu wa mwisho, kama kawaida.

Ijumaa, 16 Mei

Betri imejaa. Mimi sijui.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilikatika alfajiri na lami ilikuwa inafuka moshi. Tulisimama darajani mimi na Natacha, Eustache akahesabu, tukaondoka.

Mwanzo nilikuwa mbele. Niliiangalia simu mara moja, nikaona niko sawasawa na siku ile, sekunde kwa sekunde, na moyo ukanipanda. Safari hii inarekodi, nikajiambia, safari hii ni kwa jina langu. Nilikuwa najua kwamba miguu hii iliwahi kufanya hivi. Hakuna aliyenipa moyo kama huo maishani, hata Gatera.

Katikati ya mlima, penye kona yenye migomba, nikasikia anakuja. Hakuwa anahema. Alinipita kwa upande wa kulia, akaniambia "pole dada" kama mtu anayepita kwenye kiti cha kanisa, na akaenda. Nilisimama juu ya pedali nikakanyaga kwa vyote nilivyo navyo. Pengo likakua. Miezi miwili sikuwahi kumwangalia Natacha akipanda, nilikuwa naangalia namba. Anapanda vizuri. Mabega yake hayatikisiki kabisa. Zile alfajiri zake peke yake darajani, akifukuza muda wangu, zimemtengeneza, na aliyemtengeneza ni mimi.

Taa za pikapu zikaja nyuma yangu.

Nilifika juu na simu ikaonyesha dakika kumi na sita na nusu. Imeandikwa, jina langu liko juu yake, Mukasine, hakuna wa kuifuta. Ni ya pili. Ya kwanza ni ya Natacha, na hii ni yake kweli.

Alinikumbatia akilia, mimi sikulia. Gatera akateremka akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeridhika. Nikamwambia sijaridhika, nina wivu, na leo ni wivu halali kwa sababu nimemwona kwa macho. Akasema sawa, akapakia baiskeli zetu zote mbili, na safari hii nilikaa mbele.

Tulipomshusha Natacha Kanombe nilimwambia Juni iko mbali, watu huugua malaria, watu hutegua vifundo, na akipatwa na lolote mimi nipo tayari na begi langu nimeshalifunga. Alicheka sana. Mimi sikucheka.